Mhandisi Aingie Darasani na Ovaroli Yake

Jumamosi ya tarehe 1 Juni 1974, ikikaribia saa kumi na moja jioni, kiwanda cha Nypro pale Flixborough, mashariki mwa Uingereza, kililipuka. Watu 28 walikufa, 18 kati yao wakiwa ndani ya chumba cha kuongozea mitambo. Nyumba zipatazo 1,800 za jirani ziliharibika. Bahati pekee ilikuwa siku yenyewe. Ingekuwa Jumanne, ofisi zilizosagwa na mlipuko ule zingekuwa zimejaa watu.

Chanzo kilikuwa kipande cha bomba. Kiwanda hicho kilitengeneza kaprolaktamu, malighafi ya nailoni, kwa kupitisha saikloheksani ya moto katika vinu sita vilivyopangwa mfano wa ngazi, kila kimoja kikimwaga katika kilicho chini yake. Mwishoni mwa Machi kinu cha tano kilionekana kina ufa. Kikaondolewa, na pengo kati ya cha nne na cha sita likaunganishwa kwa bomba la muda la inchi 20, lililopindishwa kwa sababu vinu hivyo viwili havikuwa kimo kimoja. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Hapakuwa na mwingine. Mhandisi aliyesimamia mitambo alikuwa ameacha kazi mapema mwaka huo na mrithi wake hajapatikana. Waliolifunga walikuwa mafundi wanaojua kazi yao, lakini hapakuwa na wa kuwaambia kwamba presha ikipanda, bomba lililopinda hutaka kujinyoosha, na viungo vyenye mikunjo vilivyolishika kwenye ncha zake haviwezi kulizuia.

Mhadhiri wa uhandisi anaweza kulisoma tukio hilo katika ripoti na kulifundisha vizuri. Wako wanaofanya hivyo kila mwaka. Lakini yupo mtu mwingine, aliyewahi kusimama kiwandani saa nane za usiku, mtambo umezima, simu ya bosi inaita, na yeye ndiye wa kusema kama bomba la muda lifungwe au lisifungwe. Huyo hulifundisha tukio hilo hilo kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu anajua kwa nini watu wenye akili timamu walichora kwa chaki. Vyuo vikuu vyetu vya Afrika Mashariki vina wengi wa aina ya kwanza. Wa aina ya pili vimewafungia mlango, na kuna kila sababu ya kuufungua.

Nchini Uingereza mtu wa aina ya pili aliyejulikana kuliko wote alikuwa Trevor Kletz. Alizaliwa Darlington mwaka 1922, akasomea kemia katika Chuo Kikuu cha Liverpool, na mwaka 1944 akaajiriwa na ICI, kampuni iliyotawala sekta ya kemikali nchini humo. Miaka minane alikuwa mtafiti. Kumi na sita iliyofuata alikuwa katika uzalishaji, akisimamia mitambo. Mwaka 1968, baada ya mioto mibaya kuiandama kampuni, akateuliwa kuwa mshauri wa usalama wa kitengo kilichokuja kuitwa cha kemikali za petroli. Enzi hizo viwanda vingi viliiacha kazi ya usalama kwa watu wasio wahandisi: wakague kofia ngumu, wabandike mabango, wakemee sakafu zenye utelezi. Kumpa meneja aliyekulia mitamboni ilikuwa jambo geni.

Ualimu wake ulianzia hapo, miaka kumi kabla ya chuo kikuu chochote kumwita. Kila mwezi alitoa jarida fupi la visa vya ajali. Tangi lililojikunja lenyewe kwa sababu mtu alifunika tundu lake la hewa kwa mfuko wa plastiki, kisha pampu ikaanza kulinyonya. Fundi aliyefungua bomba akidhani ni tupu. Pampu zilizosimama safu moja huku namba zake hazifuatani, mpaka siku fundi alipofungua isiyo yenyewe. Hakutaja jina la mtambo wala la mhusika. Nakala za jarida zikaanza kuvuka ukuta wa ICI na kusomwa hata na washindani wake.

Vikao vyake navyo havikuwa hotuba. Aliwaita wahandisi na wasimamizi kwa makundi madogo, akawaonyesha slaidi ya kilichobaki baada ya ajali, akaeleza kwa ufupi kilichotokea, kisha akanyamaza. Wao ndio waulize maswali mpaka mambo yafumuke, na wao ndio waseme kifanyike nini ili kisa kisijirudie. Atakayewahi kumwona mwalimu anayejua jibu akinyamaza dakika tatu nzima mbele ya darasa ajue ameona kipaji adimu.

Mwaka 1977, mjini Widnes, alitoa mhadhara ambao hoja yake ilikuwa rahisi mno: kitu usichokuwa nacho hakiwezi kuvuja. Mfano wake ulikuwa Flixborough. Kati ya kila tani 100 za saikloheksani zilizopita katika vile vinu, takriban sita tu ndizo zilizobadilika. Zilizosalia zilikuwa zinazunguka, za moto kupita kiwango chake cha kuchemka, zimebanwa kwa presha, zikingoja tundu. Wakati wengine wakijadili namna ya kuimarisha mabomba na viungo, Kletz aliuliza kwa nini tani zote hizo ziwepo tangu mwanzo. Miaka saba baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya methaili aisosayaneti ilitoka katika tangi lenye tani zipatazo 40 pale Bhopal, India, ikaua maelfu. Haikuwa malighafi iliyonunuliwa wala bidhaa ya kuuzwa. Ilikuwa kitu cha katikati tu, kilichowekwa akiba kwa sababu akiba hurahisisha kazi.

Sasa tazama tarehe zinazofuata. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Loughborough kilimteua Kletz kuwa profesa wa viwanda, akiwa bado mwajiriwa wa ICI. Mwaka 1982 akaiacha kampuni baada ya miaka 38, akahamia rasmi katika idara ya uhandisi wa kemikali. Yaani kwa miaka minne alikuwa wa pande zote mbili. Ripoti ya ajali iliyofika mezani kwake mwezi huu ingeweza kuwa swali la darasani mwezi ujao, na mwanafunzi angeweza kumuuliza kuhusu mtambo ambao bado unatoa moshi.

Hiyo miaka minne ndiyo inayostahili kuigwa. Sisi tuna desturi ya kumkumbuka mtu wa kiwandani akishastaafu, tena kwa kumwalika siku ya mahafali au kwenye kongamano, avae suti, aseme maneno mawili kuhusu bidii na nidhamu, apigwe picha na makamu mkuu wa chuo. Hilo ni tunzo. Halimfundishi yeyote kuikagua vali ya usalama.

Loughborough, kwa haki yake, haikuanza na Kletz. Alimkuta pale Frank Lees, naye akiwa amepitia ICI, ambaye mwaka 1980 alichapisha majuzuu mawili makubwa kuhusu kuzuia hasara na ajali katika viwanda vya kemikali. Idara moja, watu wawili waliovaa ovaroli. Baada ya kuhama, Kletz aliandika kwa kasi ya mtu aliyekuwa na maji nyuma ya bwawa: What Went Wrong? mwaka 1985, An Engineer's View of Human Error mwaka huo huo, Learning from Accidents mwaka 1988, na vingine hadi kupita kumi. Alifundisha hadi uzeeni, Uingereza na katika Chuo Kikuu cha Texas A&M huko Marekani, akafariki mwaka 2013 akiwa na miaka 91.

Katika vitabu hivyo limo jambo moja ambalo wakuu wengi wa viwanda bado hawataki kulisikia. Kwa Kletz, kusema ajali imesababishwa na kosa la binadamu ni sawa na kusema mtu ameanguka kwa sababu ya mvutano wa dunia. Ni kweli, ila haimsaidii mtu. Binadamu atasahau, atachoka, atafungua koki ya kushoto badala ya kulia. Kazi ya mhandisi ni kubuni mtambo ambao mtu aliyechoka saa kumi alfajiri hataweza kuulipua kwa kukosea mara moja. Maneno hayo yakitoka kwa msomi yanasikika kama huruma. Yakitoka kwa mtu aliyesimamia mitambo miaka 16 yanakuwa kigezo cha usanifu.

Wala mambo haya hayakuanza na mafuta na nailoni. Uhandisi wa kemikali wenyewe ulizaliwa na mtu wa viwandani aliyeingia darasani. George E. Davis alikuwa mkaguzi chini ya sheria za Uingereza zilizovibana viwanda vya magadi vilivyokuwa vikitapika gesi ya tindikali angani. Ukaguzi ulimpitisha viwanda vingi, akagundua kwamba mwenye kiwanda cha sabuni na mwenye kiwanda cha rangi, kila mmoja akilinda siri yake kwa kufuli, wanafanya mambo yale yale: kupasha, kukausha, kuchuja, kukeneka. Kati ya 1887 na 1888 akatoa mihadhara 12 katika Shule ya Ufundi ya Manchester. Wapo waliomkosoa kwamba anasema mambo ambayo kila mwenye kiwanda anayajua. Ndivyo ilivyokuwa. Ila hakuna aliyekuwa ameyapanga. Mwaka 1901 akayatoa kitabu.

Huku kwetu njia ya kuwa mhadhiri wa uhandisi inajulikana. Kijana anafaulu sana, anabakizwa chuoni kuwa mkufunzi msaidizi, anapelekwa kusoma shahada ya uzamili, kisha ya uzamivu, mara nyingi nje ya nchi, anarudi, anaanza kufundisha. Ni njia ya heshima, na bila hiyo Kitivo cha Uhandisi kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1973 kisingekuwa na walimu wa nyumbani. Lakini itazame kwa jicho la mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Huenda anayemfundisha usanifu wa mitambo hajawahi kusaini kibali cha fundi kuingia ndani ya tangi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni wa viwandani huuma usiku.

Mwanafunzi mwenyewe hupelekwa viwandani. Dar es Salaam huita PT, Nairobi na Eldoret huita atachimenti. Wiki zake chache anazimaliza, daftari linagongwa mhuri, anarudi chuoni na maswali mia. Kwa nini kiwandani kule walikuwa wameifunga kengele ya tahadhari kwa waya? Kwa nini bomba lililochorwa kwenye karatasi halikuwapo ukutani? Mwalimu mwenye madesa mazuri ya mlingano wa Bernoulli hatakuwa na jibu, si kwa uvivu, bali kwa kuwa swali halitoki kwenye mlingano. Kengele imefungwa kwa sababu inalia mara 40 kwa zamu bila sababu, na aliyeisanifu hakuwahi kukaa karibu nayo.

Chukua Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011. Petroli ilivuja kutoka katika miundombinu ya bomba la mafuta, ikaingia mtaroni, watu wa mtaa wakakimbilia na ndoo, moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Ni kisa ambacho Kletz angekiweka kwenye slaidi kisha akanyamaza. Wanafunzi wangeanza na umaskini, na hawangekosea. Baadaye wangefika kwenye maswali ya kihandisi: mafuta yakivuja yanaelekea wapi, nani alikubali mtaro upite hapo, makazi yaliwezaje kusogea mpaka juu ya bomba, chumba cha kuongozea mitambo kinaona nini presha inapoteremka kidogo, na kwa dakika ngapi mtu anaweza kudhani ni pampu imelegea. Swali hilo la mwisho linataka mwalimu aliyewahi kuitazama sindano ya kipimo ikishuka huku akijiambia kwamba si kitu.

Kikwazo cha kwanza kitakachotajwa ni vyeti. Mwaka 2014 Kenya iliweka viwango vilivyoifanya shahada ya uzamivu kuwa sharti kuu la uhadhiri. Nia ilikuwa njema. Vyuo vilikuwa vinachipuka kila kona ya mji, vingine juu ya maduka, na lazima pawepo chujio. Lakini chujio lililotengenezwa kuzuia walimu dhaifu wa biashara na sheria linamzuia pia mhandisi aliyeongoza tanuri la saruji miaka 20. Kletz wa mwaka 1968, meneja wa uzalishaji mwenye shahada ya kemia ya Liverpool, angeomba kazi kwa fomu zetu za leo na faili lake lingeishia kwa karani.

India imepata njia, na si ya kubahatisha. Mwaka 2022 Tume ya Ruzuku za Vyuo Vikuu ya nchi hiyo ilitoa mwongozo wa kuajiri maprofesa watokao kazini: uzoefu usiopungua miaka 15, vyeti vya kitaaluma visiwe sharti, idadi yao isizidi asilimia 10 ya nafasi za chuo, na muda wao uwe na kikomo, kwa kawaida miaka mitatu, ukiongezwa kwa sababu maalumu usizidi minne. Nafasi hizo haziko wazi kwa walimu wa vyuo, wanaofundisha au waliostaafu. Kipengele hicho cha mwisho ni cha busara sana. Aliyewahi kuona jinsi nafasi mpya zinavyogeuka kuwa pensheni ya pili ya wakubwa atakielewa bila kufafanuliwa.

Tanzania na Kenya zinaweza kuchukua mwongozo wa namna hiyo na kuukaza zaidi: anayeajiriwa awe bado kiwandani, afundishe siku moja au mbili kwa wiki, kiwanda kiendelee kumlipa mshahara na chuo kiongeze posho. Hapo hata hoja ya fedha inapungua makali, maana hakuna anayeombwa kuacha mshahara wa meneja akumbatie wa mhadhiri. Kiwanda nacho kitapata kitu: atakayekaa na vijana 40 muhula mzima atajua nani wa kuajiri, bila kusoma barua 600 za maombi.

Kikwazo cha pili ni kizito zaidi, nacho ni usiri. Viwanda vyetu huzika ajali zake haraka kuliko vinavyozika marehemu. Meneja akienda kusimulia darasani jinsi boila ilivyopasuka, wanasheria wa kampuni watamwita kabla hajarudi ofisini. Jawabu la Kletz lilikuwa kuondoa jina la mtambo, la mtu na la mji, na kuacha bomba, vali, presha na uamuzi. Mwanafunzi hahitaji kujua ni kiwanda gani. Anahitaji kujua vali ilikuwa wazi.

Tahadhari moja lazima itolewe, maana si kila mkubwa wa kiwanda ni Kletz. Yuko mkurugenzi ambaye tangu apande ghorofa ya juu hajagusa spana. Akipewa darasa atafundisha uongozi, ari na siri za mafanikio, na wanafunzi watatoka wamechangamka, mikono mitupu. Yuko pia mzee wa visa, ambaye kila swali humkumbusha mwaka fulani na kila mwaka humkumbusha mwingine. Kletz aliingia Loughborough akiwa na miaka kumi ya visa vilivyoandikwa, vikachambuliwa, vikajaribiwa mbele ya watu wanaoifahamu kazi na wasioona haya kumkatalia. Kwa hiyo kamati ya chuo isiulize kwanza mwombaji alikuwa na cheo gani. Imwombe daftari lake. Mhandisi ambaye kwa miaka 20 hakuandika popote kilichoharibika na kwa nini, abaki huko huko aliko.

Na ikimpata mwenye daftari, impe pia wa kumsaidia. Kufundisha ni ufundi, na mhadhiri aliyebakizwa chuoni anao: anajua kupanga muhula, kutunga mtihani, kumvumilia anayeuliza jambo lile lile mara ya nne. Wawili hao wakigawana somo moja, mmoja akishika hesabu za mtiririko na mwingine akileta bomba lililooza kutu kutoka kazini na kuliweka mezani, hakuna atakayekuwa mgeni wa mwenzake.

Lugha nayo isiwe kisingizio. Njia ya kuchunguza hatari iliyobuniwa ICI katika miaka ya 1960, ambayo Kletz alifanya mengi kuieneza, inakwenda kwa maneno machache yanayoulizwa kwa kila bomba: hakuna, zaidi, pungufu, kinyume. Hakuna mtiririko, itakuwaje? Presha zaidi? Maji pungufu? Mafuta yakirudi kinyume? Fundi mchundo wa Tanga anaweza kukaa meza moja na mhandisi na kujibu maswali hayo kwa Kiswahili, na mara nyingi ndiye mwenye jibu.

Suala hili lina haraka kwa sababu ujuzi wenyewe unatawanyika. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kimefungwa zamani. TIPER ya Kigamboni iliacha kusafisha mafuta ghafi, ikabaki kuwa matangi. Kiwanda cha Changamwe, Kenya, kilichoanza kusafisha mafuta mwaka 1963, kilizima mitambo yake mwaka 2013, na watu waliojua mnara ule unapiga kelele gani unapokaribia kujaa wakatawanyika: Ghuba, biashara za familia, mashamba ya Kilifi. Wakati huo huo bomba la kilomita 1,443 limechorwa kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kubeba mafuta yenye nta ambayo yasipopashwa joto njiani huganda humo humo. Waliokuwa na miaka arobaini na kitu siku Changamwe ilipozimwa wamo sasa katika umri aliokuwa nao Kletz, miaka 55, mwaka ule Loughborough ilipomwita. Namba zao za simu zinapatikana kwa wafanyakazi wenzao wa zamani.